Thomas Cook wa Leicester: tumwite mwandishi wa safari, au mfanyabiashara aliyejitangaza?

Mwenye Steshenari, Kariakoo

Ndugu zangu, habari za jioni.

Nina duka dogo la steshenari hapa Kariakoo, ambamo natoa fotokopi, nachapa kadi za harusi na kuuza madaftari. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Morogoro mwaka 2024, nimekuwa pia nikikusanya watu kila baada ya muda, wengi wao wateja wangu na jamaa zao, tukaenda kutembea Morogoro na kurudi siku hiyo hiyo, au Bagamoyo kwa basi la kukodi. Kundi letu la kusoma vitabu, linalokutana Jumamosi moja kwa mwezi huko Upanga, limenipa kazi ya kuzungumzia mtu mmoja wa zama za Malkia Victoria aliyekuwa mfanyabiashara wa mji mdogo na mwandishi wa safari. Mimi, pengine kwa kujipendelea, nikamchagua Thomas Cook.

Niliyokwisha kuyapata ni haya. Alizaliwa tarehe 22 Novemba 1808 katika mji mdogo wa Melbourne, jimbo la Derbyshire, Uingereza. Alifiwa na baba akiwa mtoto mdogo, akaacha shule akiwa na miaka 10 ili akafanye kazi kwenye bustani ya mbogamboga kwa ujira wa peni moja kwa siku, kisha akiwa na miaka 14 akawa mwanagenzi wa seremala, ambaye alikuwa mjomba wake. Baadaye alihamia Market Harborough, ambako alikuwa akikereza mbao, na mwaka 1841 akavumbua matembezi ya treni alipowapeleka watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough kwa shilingi moja kila mmoja. Mwaka 1872 alizunguka dunia nzima, na barua alizoandika njiani zikatolewa kuwa kitabu mwaka 1873.

Katibu wa kundi letu, dada mmoja anayefundisha fasihi, amenipinga kabla hata sijasimama. Anasema Cook hakuwa mwandishi bali mfanyabiashara aliyechapa matangazo marefu, na kwamba kumweka katika orodha ya waandishi wa safari ni sawa na kumwita mpiga debe wa Mbagala mshairi kwa sababu ana sauti nzuri. Nimekosa la kumjibu. Je, mtu aliyeandika ili auze tiketi anastahili kuitwa mwandishi wa safari? Na ni kitu gani hasa katika maisha yake ya mji mdogo kilichomtoa kwenye randa na msumeno kikampeleka huko?

---

Mzee wa Chapa, Ilala

Mwanangu, jibu la swali lako limesimama dukani mwako, nawe unalipita kila siku ukienda kufungua mlango: ni ile mashine yako ya kuchapia.

Mimi nilipanga herufi za risasi kwa mkono kwa zaidi ya miaka 20, hapa hapa Dar es Salaam, kabla kompyuta hazijatuondoa kazini, kwa hiyo huenda nikaonekana navutia upande wa wachapaji. Hata hivyo tazama mpangilio wa miaka, ambao wengi wanaosimulia habari za Cook huuruka. Treni ya Loughborough ilikuwa ya Julai 1841. Mwaka 1840, yaani kabla ya treni hiyo, seremala huyu alikuwa amekwisha kuanza kutoa jarida la watoto la kupinga ulevi. Maandishi yalitangulia, treni ikafuata.

Ili uone alivyofika hapo, rudi nyuma kidogo. Cook alikuwa Mbaptisti, na mwaka 1828, akiwa na miaka 19, kanisa lilimtoa kwenye useremala likamtuma kuhubiri vijijini na kugawa vijitabu kwa mshahara wa pauni 36 kwa mwaka. Aliweka hesabu ya safari zake kama mtu anayehesabu senti: katika mwaka 1829 alisafiri maili 2,692, na kati ya hizo maili 2,106 alikwenda kwa miguu. Hizo ni karibu mara tatu ya umbali wa kutoka hapa hadi Mwanza kwa barabara. Fedha za kanisa zilipopungua, alirudi kwenye mbao ili apate kula, lakini hakurudi kuwa mtu yule yule, kwa sababu alikuwa amekwisha kujifunza mambo mawili: kwamba watu wa vijijini hawajui kilichopo maili 20 kutoka mlangoni kwao, na kwamba karatasi iliyopigwa chapa humfikia mtu ambaye miguu ya mhubiri haikumfikia.

Jambo lililomkera kuliko yote ni pombe. Tarehe 9 Juni 1841 alikuwa akitembea kwa miguu kutoka Market Harborough kwenda Leicester, mwendo wa maili kama 15, kuhudhuria mkutano wa wapinga ulevi. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo lilimjia njiani: hii reli mpya, mbona isitumiwe kuwapeleka watu kwenye mikutano yetu? Alilitoa wazo hilo mkutanoni jioni ile, akaenda kuzungumza na katibu wa kampuni ya reli ya Midland Counties, na tarehe 5 Julai watu wakapanda mabehewa ya wazi, muziki ukipigwa, wakaenda Loughborough kunywa chai na kusikiliza hotuba katika bustani ya tajiri mmoja.

Hapo nikusahihishe kidogo. Cook hakuvumbua matembezi ya treni. Vyama vya mafundi vya Leicester na Nottingham vilikuwa vimekwisha kutembeleana kwa treni mwaka 1840, na kampuni za reli zenyewe zilikuwa zikijaribu mambo hayo. Ukilisema lile neno mbele ya huyo katibu wako, atakuangusha katika dakika ya kwanza.

Alichokileta Cook ni kitabu. Mwaka ule wa 1841 alihamia Leicester akafungua duka la vitabu na kiwanda cha kupiga chapa, na kwa miaka minne iliyofuata safari zake zilikuwa za kuendeleza kampeni yake, bila faida. Safari ya kwanza ya kibiashara ilikuwa ya Liverpool, Agosti 1845. Zingatia hali ilivyokuwa: reli zilikuwa mali ya kampuni mbalimbali, kila moja na tiketi zake na ratiba zake, na fundi wa soksi wa Leicester aliyetaka kuiona bahari hakujua aanzie wapi. Cook alikwenda njia yote yeye mwenyewe kwanza, akapatana na kampuni moja baada ya nyingine ili abiria wake wawe na tiketi moja tu, akakagua nyumba za kulala, kisha akarudi Leicester akayaandika yote katika kijitabu cha mwongozo alichokipanga na kukichapa katika kiwanda chake. Mle ndani alimweleza msafiri treni inaondoka saa kumi na moja alfajiri, na kwamba asichelewe. Kipi cha kutazama dirishani. Akishuka afanye nini. Na safari ya kuendelea hadi Wales, kwenye mlima Snowdon, inakwendaje. Wasomaji wake hawakuwahi kulala nje ya mji wao. Mtu wa namna hiyo ukimuuzia tiketi bila maneno, umemuuzia hofu.

Kwa hiyo mimi nasema alikuwa mwandishi kwa maana ile ile ambayo mfinyanzi ni mfinyanzi: aliandika kitu cha kutumiwa. Katibu wako akisema hicho si fasihi, mwulize barua za safari alizozipenda yeye ziliandikwa na watu wasiokula.

---

Mwenye Steshenari, Kariakoo

Shikamoo mzee wangu. Nimeipokea sahihisho ya 1840, na nimekwisha kulifuta neno "akavumbua" katika karatasi yangu. Niruhusu nikuulize jambo moja zaidi: nimesoma mahali kwamba Cook alifilisika mwaka 1846, mwaka mmoja tu baada ya safari hiyo ya Liverpool. Ni kweli, na kama ni kweli, aliinukaje?

---

Mzee wa Chapa, Ilala

Marahaba, mwanangu. Ni kweli.

Majira ya joto ya 1846 aliwachukua watu wapatao 350 kwenda Scotland. Reli ya kuunganisha moja kwa moja haikuwapo bado, kwa hiyo walikwenda kwa treni hadi Fleetwood, wakavuka kwa meli hadi Ardrossan, kisha wakapanda treni nyingine kwenda Glasgow na Edinburgh. Treni hazikuwa na vyoo, na chai waliyoahidiwa njiani hawakuiona. Kwenye meli vyumba havikutosha, na wengine walikesha sitahani wakinyeshewa. Glasgow iliwapokea kwa mizinga na bendi, lakini abiria wenye njaa na nguo mbichi hawapozwi na bendi. Mwaka huo huo Cook akatangazwa kuwa amefilisika.

Nimecheka nilipoisoma habari hiyo, kwa sababu mwaka jana niliongoza wazee wenzangu wa msikitini kwenda Morogoro, na mpishi tuliyemlipa kabla hakutokea stesheni. Watu 40, wengi wana kisukari, na hakuna hata kikombe cha chai. Bado nasemwa.

Namna alivyoinuka haikusimuliwa vizuri kama alivyoanguka. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba kiwanda cha chapa hakikufungwa, na safari za Scotland hazikukoma. Kinyume chake, kwa miaka kama 15 iliyofuata Scotland ndiyo iliyokuwa shamba lake kubwa. Kisha yakaja Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851. Joseph Paxton, aliyesanifu jumba la vioo yalimofanyika maonyesho hayo, na John Ellis, mwenyekiti wa reli ya Midland, walikutana na Cook kwenye stesheni ya Derby wakamshawishi awaletee watu kutoka miji ya katikati ya Uingereza. Akaanzisha gazeti kwa kazi hiyo, lile ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la The Excursionist, na akawahimiza wafanyakazi waunde vyama vya kuweka akiba kidogo kidogo kila wiki ili wapate nauli. Sisi tungeviita vikoba. Mwanawe John Mason, kijana wa miaka 17, alizunguka mitaani na bendi akiandikisha watu. Kampuni mbili za reli ziliposhindana, nauli ya kwenda na kurudi ikashuka kutoka shilingi 15 hadi 5, na hadi maonyesho yanafungwa Cook alikuwa amesafirisha watu wapatao 150,000. Gazeti lile liliendelea hadi karne iliyofuata. Gazeti gani la mpiga debe limeishi hivyo?

---

Mama Ratiba, Kinondoni

Shikamoo mzee, na salamu kwako dada wa Kariakoo.

Mimi ni mwongoza watalii, nimefanya kazi hii kwa miaka 14, na nitasema jambo ambalo huenda likamkwaza mzee wetu. Vijitabu vya Leicester navikubali kabisa. Mtu aliyewaandikia mafundi wa soksi alikuwa anawajua, alikuwa mmoja wao, na maandishi yake yanawatazama kwa jicho la ndugu. Mgogoro wangu ni na Cook wa miaka ya baadaye, yule wa barua za 1872 na 1873, ambaye ndiye hasa dada ameombwa amzungumzie.

Tuanze na namna alivyotoka Uingereza. Mwaka 1862 kampuni za reli za Scotland zilikataa kuendelea kumpa tiketi za nafuu, kwa kuwa ziliona zinaweza kuwachukua abiria hao bila yeye. Shamba likawa limefungwa. Mwaka 1863 akaongoza kundi lake la kwanza kwenda Uswisi, na mwaka uliofuata Italia. Hapo ndipo alipokutana na dharau za wakubwa. Charles Lever, mtunzi wa riwaya aliyekuwa pia makamu wa balozi mdogo wa Uingereza katika mji wa La Spezia, aliandika mwaka 1865 akiwakejeli wateja wa Cook kama kundi la mifugo, na akajisifu kuwa aliwaambia Waitalia kwamba hao ni wahalifu ambao makoloni ya Australia yamekataa kuwapokea. Cook alimjibu kwa maandishi, kwa hasira ya mtu wa mji mdogo anayeujua utu wake, akitetea haki ya mtu wa kawaida ya kuona mlima na mchoro bila kuomba ruhusa kwa waungwana. Mimi nadhani hayo ndiyo maandishi yake bora, na dada ukipata dakika tano tu za kuzungumza, zitumie hapo.

Sasa tazama safari ya kuizunguka dunia. Aliondoka Liverpool Septemba 1872, akiwa karibu kutimiza miaka 64, na kundi dogo la wasafiri. Wakavuka Atlantiki, wakaikata Marekani kwa reli mpya hadi San Francisco, wakaenda Japani, China, Singapore, Ceylon (Sri Lanka ya leo) na India, kisha Bahari ya Shamu na Misri, na safari nzima ikachukua siku 222. Barua zake zilichapwa na gazeti la The Times kabla hazijawa kitabu. Zina uhai, sikatai. Furaha yake mbele ya visiwa vya Japani ni ya kweli, na msomaji huiona. Lakini alipofika Shanghai alichokiona ni uchafu wa barabara na ombaomba, siku moja ikamtosha akaondoka. Kwenye mto Ganges alichokiona ni upotofu wa dini za watu. Pasipo reli, hoteli safi au kanisa, kalamu yake hukunja uso. Mwenyeji wa mahali huwa mandhari, au usumbufu, na mara chache sana huwa mtu anayezungumza. Nikiwa kazini nakutana na wageni wanaotazama hivyo hivyo, wakiniuliza habari za Wamakonde huku Mmakonde mwenyewe amekaa mbele yao akichonga.

Tena biashara hiyo haikukaa mbali na bunduki. Cook aliwapeleka watu wake wa kwanza kwenye Nile mwaka 1869 kwa meli za mvuke alizokodi, na baada ya hapo kampuni ikashika usafiri wa watalii kwenye mto ule. Waingereza walipotuma jeshi mwaka 1884 kumwokoa Jenerali Gordon aliyezingirwa Khartoum, waliopewa kandarasi ya kuwapandisha wanajeshi wapatao 18,000 pamoja na mizigo yao ni Thomas Cook na Mwana, chini ya yule John Mason aliyekuwa akizunguka na bendi. Mwaka 1886 serikali ya Waingereza huko India ikawapa pia kazi ya kusafirisha mahujaji kutoka Bombay kwenda Jeddah. Na mwaka 1898, Kaisari Wilhelm wa Pili, ambaye bendera yake ilikuwa ikipepea hapa hapa Dar es Salaam, alipokwenda Palestina, msafara wake uliandaliwa na kampuni hiyo hiyo.

Sisemi Thomas mwenyewe alifanya yote hayo. Hadi 1884 alikuwa amekwisha kustaafu. Nasema jicho lililoandika barua za 1872 lilikuwa limekwisha kuzoea njia zilizosafishwa na dola, na mwandishi wa safari asiyejua nani kamsafishia njia ana upungufu, hata angeandika kwa ufasaha gani.

---

Mzee wa Chapa, Ilala

Mama Ratiba, marahaba. Hukunikwaza hata kidogo, na jambo la Shanghai umelisema sawasawa. Ninalokataa ni moja tu: kwamba upungufu huo unamwondolea jina la mwandishi.

Sisi wenyewe tuna mfano. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa, na simulizi ya maisha na safari zake aliyoiandika kwa Kiswahili ikachapwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mle ndani anahesabu frasila za pembe kama Cook anavyohesabu maili, na watu aliowapita njiani, wengi wao, hawana majina. Hatusemi kwamba yeye si mwandishi. Tunamsoma, tunauona uzuri wa lugha, na tunaiona damu iliyopo chini ya uzuri ule, yote kwa pamoja. Cook hakuwa na damu hiyo mikononi, sasa mbona tumpime kwa mizani ngumu zaidi?

---

Mama Ratiba, Kinondoni

Mzee, hapo umenibana. Basi na tumwite mwandishi, ila dada asisahau kuwasomea wasikilizaji Shanghai pamoja na Japani. Akichagua moja, atakuwa amechapa tangazo.

Tena kama ni mifano ya kwetu, kuna safari za Waswahili zilizokusanywa na Carl Velten zikatolewa mwaka 1901. Mle kuna Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, akawaandika wenyeji wa huko kwa mshangao ule ule ambao Wazungu walikuwa wakituandika sisi. Wasomaji wenu wakisikia kipande cha Cook akiwa Asia kisha kipande cha Salim akiwa Siberia, mjadala hautahitaji mwenyekiti.

---

Msomaji wa Bibi Titi

Nawasalimu nyote. Nimekuwa nikifuatilia bila kuandika, lakini naona nyumba ya huyu bwana imeachwa nje kabisa, na dada aliuliza habari za maisha yake, si za maandishi peke yake.

Mkewe, Marianne Mason, aliyeolewa mwaka 1833, ndiye aliyekuwa akiendesha nyumba za wageni zisizouza pombe, ikiwemo hoteli yao ya Mtaa wa Granby, Leicester, iliyofunguliwa mwaka 1853 karibu na ukumbi wa wapinga ulevi. Mume akiwa Scotland au Alps kwa majuma, mezani palikuwa na wageni, na hesabu zilikuwa mikononi mwake. Familia ilipohamia London mwaka 1865 aliendelea na kazi hiyo hiyo kwenye nyumba nyingine ya wageni. Sijawahi kuona hotuba yoyote juu ya Cook inayompa mama huyu zaidi ya sentensi moja, kwa hiyo nakuomba dada umpe japo mbili.

Jambo la pili ni mwana. Kampuni ilipata jina la Thomas Cook na Mwana mwaka 1871, lakini wawili hao hawakupatana. John Mason aliona biashara ni biashara, na akachukia kuona baba yake akiichanganya na kazi za kanisa na kuwapunguzia bei marafiki wa dini. Baba alipokuwa huko Asia akiandika barua zake, mwana alikuwa London akijenga ofisi kubwa mpya ya Ludgate Circus, iliyofunguliwa mwaka 1873, na ratiba ya treni za bara la Ulaya iliyotolewa na kampuni mwaka huo huo ikawa kitabu kilichotumiwa kwa vizazi. Ukitazama vizuri, safari ile tukufu ya siku 222 ndiyo iliyompa mwana nafasi ya kuishika kampuni. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mzee alikuwa ameondolewa katika uendeshaji, akarudi Leicester kukaa katika nyumba aliyoijenga, Thorncroft, barabara ya London.

Huko hakupata raha. Mwaka 1880 binti yao Annie, mwalimu wa watoto wa kanisani, alikutwa amefariki bafuni katika nyumba hiyo, na kilichodhaniwa kumzidi ni hewa ya mtambo mpya wa kuchemshia maji kwa gesi. Mwaka 1884 Marianne naye akafariki. Thomas alipoteza uwezo wa kuona katika miaka yake ya mwisho. Mwaka 1891 aliwajengea maskini wa kanisa nyumba 14 huko Melbourne, mji ule ule alikozaliwa, na hadi leo zipo. Alikufa Leicester tarehe 18 Julai 1892 akiwa na miaka 83. Kampuni yenyewe iliishi hadi tarehe 23 Septemba 2019, siku iliyofilisika ikaacha wateja wake wamekwama kwenye hoteli za nchi nyingi.

Mzee wa Chapa amesema habari za mtu aliyeishi kwa maandishi. Mimi kila nikifika hapo huwaza juu ya mchapaji kipofu, ndani ya nyumba kubwa, asiyeweza tena kusoma gazeti lenye jina lake.

---

Mwenye Steshenari, Kariakoo

Ndugu zangu, sikutarajia kupata haya yote kwa siku mbili. Nimeipanga upya hotuba yangu. Nitaanza na maili 2,106 za miguu, nitaingia kwenye kijitabu cha 1845, nitakaa kwenye ugomvi na Charles Lever kama alivyonishauri Mama Ratiba, kisha nitasoma Japani na Shanghai moja baada ya nyingine na kumalizia kwa Salim bin Abakari. Marianne nimempa aya nzima. Dada yetu katibu nimemwonyesha mjadala huu, naye amesema ataondoa neno "mpiga debe" lakini hataondoa swali.

Mzee wangu, ninakuomba jambo moja. Kama bado una herufi zako za risasi, naomba uje nazo Upanga Jumamosi saa nne asubuhi ili vijana wa kundi waone mstari mmoja ulivyokuwa ukipangwa kwa mkono, kwa kuwa wengi wao hawajawahi kuiona kazi hiyo.

---

Mzee wa Chapa, Ilala

Ninazo, sanduku moja, ingawa herufi K zimepungua, maana Kiswahili kilizila. Nitakuja. Niwekeeni kiti karibu na dirisha, macho yangu nayo si ya jana. Na hiyo chai?

---

Mwenye Steshenari, Kariakoo

Chai nitaichemsha mimi mwenyewe nyumbani alfajiri na kuileta kwenye chupa, mzee. Baada ya kuzisoma habari za Fleetwood, simwachii mtu mwingine birika.